Ukali wa Karembo

Kabla juma halijaisha, Karembo alikuwa amewang'ata watu watatu, na wa tatu alikuwa Ngendo mwenyewe, aliyemlea tangu akitosha kiganjani.

Nyawira alimfunga binti yake kidole kwa kitambaa bila kumtazama usoni. Sungura yule alikuwa mpole ajabu. Siku hizi mkono ukiingia tu kibandani, anaurukia. Roho ilimuuma Nyawira hadi chakula kikamshinda.

Mzee Erastus, mfugaji wa sungura wa miaka mingi pale Mugutha, akaitwa amtazame. Alishauri asipigwe, asishikwe kwa kutokea juu, apewe majani ya viazi polepole mpaka azoee tena. Kisha akainuka, akakung'uta magoti.

"Mama Ngendo, sungura hawi hivi bure. Kuna mtu anamchokoza."

Nyawira akaitikia kwamba atamtafuta mtu huyo.

Ngendo alisikia. Jioni mama yake alimkuta amechutama mbele ya kibanda, anamwomba Karembo msamaha, ati labda alimkosea bila kujua.

"Si wewe, mwanangu," Nyawira akasema. Akamwinua, akampangusa vumbi magotini. Alijiona mama mbaya kuliko wote katika kijiji kile kilichozungushiwa handaki.

Alhamisi iliyofuata, homgadi, wale askari wenyeji wa serikali ya mkoloni, walikuja tena na makoti yao ya kaki kupekua, wakimtafuta baba Ngendo, ambaye huu ulikuwa mwaka wa pili haonekani. Walimwaga unga, wakapindua vitanda. Gachanja, mkubwa wao, akatia mkono kibandani apapase nyasi. Karembo akamng'ata mpaka mfupani. Wenzake walivunjika mbavu kwa kicheko. Gachanja akaondoka akitukana, damu inamchuruzika, akaapa kwamba akirudi mnyama yule ataingia chunguni.

Ngendo alilia mpaka sauti ikamkauka. "Mama, mfundishe awe mpole. Watamchinja."

Nyawira akamwahidi.

Asubuhi, binti alipokwisha kwenda shuleni, Nyawira alipiga magoti mbele ya kibanda. Akavaa mkono mmoja wa koti kuukuu la kaki, akamchokoa Karembo mbavuni kwa kijiti mpaka akauma kitambaa kwa hasira.

"Nisamehe," akamwambia.

Halafu akasogeza nyasi, akainua ubao uliokuwa chini yake, akampa mumewe uji.