Nusu Tone

Mara mbili Mwanashuru alizidisha tone la kemikali, na aspirini aliyokuwa akiipima maabarani ikaiva nyekundu badala ya waridi hafifu. Jaribio hili lilikuwa la mwisho. Akikosea, angerudia mwaka.

"Shuru, leo tena watupikia sharubati?" Kombo alimtania kutoka meza ya jirani.

"Nyamaza, nitakunywesha!"

Akamkumbuka marehemu mama yake akitia arki, ile rangi na ladha ya mapishi, kwenye kashata ziwe za waridi hafifu. Hakudondosha, aligusisha mdomo wa kichupa ubavuni mwa bakuli, nusu tone likateleza. Shuru naye akagusisha ncha ya bomba la kupimia kwenye kioo cha chupa, ndani, akalisuuza tone kwa maji kidogo. Rangi ya kashata ikaingia, ikatulia.

"Hapo hapo! Umefaulu," mwalimu nyuma yake akacheka. "Haya mwaga, uoshe vyombo."

"Bado kidogo, mwalimu," akasema, akiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha aitazame ile rangi ya mama.