Bismillahi ya Mshale wa Sita

Mishale mitano ilikuwa imesongamana kwenye duara la manjano, hatua thelathini mbele, na Zulfikar hakushangaa. Miezi minane sasa, kila Jumapili, alikuwa akija kwenye uwanja huu wa Hounslow kujifunza upinde, ili akawinde karibuu, kulungu wa theluji wa Kanada. Ndege yake ilikuwa Jumamosi.

"Mnyama jina lake karibu," mkewe alimtania kutoka kwenye benchi, "nawe wamfuata mpaka Kanada!"

Zulfikar alicheka, akauweka mshale wa sita kwenye uzi.

"Na bismillahi waisema saa ngapi? Maana mimi kibudu sili."

Swali lilikuwa na haki yake. Mawindo huwa halali jina la Mungu likitajwa mshale unapoachiwa, naye miezi yote minane alikuwa akilenga kimya.

Akavuta uzi mpaka kidole cha shahada kikakaa pembeni mwa mdomo, mahali pake pa siku zote. Akatamka. Taya likashuka, kidole kikateleza mbele, uzi ukalegea, na mshale ukaingia shubiri nzima chini ya wenzake.

"Huyo umempiga tumbo," mkewe alisema. "Atakukimbia aende akafie mbali."

Zulfikar akauchomoa mshale, akarudi kwenye mstari. Alibana meno, akaweka kidole pembeni mwa mdomo, akaijaribu bismillahi kwa ulimi peke yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole hakikutikisika. Akavuta, akaachia.

"Sikusikia kitu," mkewe alisema.

"Hukutajwa wewe," akamjibu, akaenda kuchomoa mishale sita kwenye manjano.