Kadi ya Wifi

Fundi wa kompyuta aliziweka kadi mbili za grafiki mezani, bei sawasawa.

"Hii mpya, ina warantii. Lakini kwa video zako za harusi, dada, beba hii iliyotumika. Nguvu yake mara mbili."

Mpiga video aliinyanyua ile iliyotumika. Ilikuwa nzito, feni zimefutwa vumbi. Kompyuta yake ilikuwa ikiganda kila saa, na bibi harusi alitaka video yake Jumamosi. Alikwisha fungua mkoba alipoona, pembeni mwa kadi, tone la rangi nyekundu ya kucha.

Wifi yake, mwenye studio ng'ambo ya barabara, hutia tone kama hilo kwenye kila kifaa chake, kisije kikachanganyika na cha mtu harusini.

"Hii si ya wifi yangu?"

"Ndiyo yenyewe! Jana kachukua kubwa zaidi. Hii kasema haimtoshi tena."

Haimtoshi! Mungu amsamehe, wivu ulimpanda hadi masikioni. Aliirudisha mezani polepole, akajifuta vidole kwenye kanga.

"Nifungie mpya."

"Dada, hiyo itakugandia vilevile. Na Jumamosi je?"

"Igande," alisema. "Lakini itaganda ikiwa yangu."