Askari wa Kichuguu na Harufu ya Siafu

Enyi waungwana mliohudhuria, nitegeeni masikio kwa hisani yenu.

Ndani kabisa ya kichuguu, penye giza jororo kama usingizi, Malkia wa mchwa aliwazaa wachukuzi na askari wote. Askari walimtambua adui kwa harufu tu. Siku moja askari Shupavu, akitoka kuwaua siafu, aliingia kwa Malkia.

"Humu mna siafu!"

"Harufu hiyo imo mdomoni mwako, mwanangu. Kanawe."

"Siafu, tena ana maneno!" Shupavu akacheka, akamuuma hadi akafa.

Siafu waliporudi baada ya misimu kadhaa, Shupavu aliwaita ndugu zake. Wazee walikwisha kufa, wapya hawakuzaliwa, na kichuguu kilikuwa kimya kama ndoto.

Aliyenisimulia kwanza ni shangazi yangu Mwanasiti, ambaye uboho wake, ule wa ndani ya mifupa uzaao damu na askari wa kinga, ulishambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe.