Jaketi la Kwanza la Tausi

Katika mji wetu ulio chini ya bahari, mtoto huruhusiwa kupanda kuliona jua akitimiza miaka saba. Tausi alipofika umri huo, mama yake Mwanamkuu, aliyezaliwa nchi kavu, alimpeleka dukani kumchagulia jaketi la kuelea, la kupandia juu na kushukia. Waliyajaribu majaketi kadhaa majini, nje ya duka, wakicheka kila Tausi alipopaa kama puto.

“Hili hupanda taratibu, linamfaa mtoto,” muuzaji alisema.

“Linaloshuka haraka ni lipi?” Tausi aliuliza.

“La nini, mwanangu?” mama yake alishangaa.

“Nikishaliona jua, nataka kuwahi nyumbani.”

Mwanamkuu alimbusu, akalilipia hilo linaloshuka haraka. Hakumwambia kwamba yeye alitamani wakae huko juu mpaka jua lichwe.