Pua ya Jikoni

Siku hizi kila ladha ina mwenyewe, na kila jiko lina pua ya kampuni ukutani, inayonusa kila kinachopikwa na kuutawala moto. Kopwe hakujali. Aliitamani ile sosi kali ya baga inayouzwa na kampuni, akachanganya mayonezi, ukwaju na pilipili za kuchoma, akamwonjesha mama yake.

“Mjinga wewe! Hii si pilipili yangu? Nimeipika mbele ya pua hiyo tangu huna meno.”

Kumbe miaka yote Kopwe alikuwa akinunua mapishi ya mama yake.

Pua ikawaka nyekundu. “Nani anasema ni yake?” ikauliza.

“Mimi, Mwanakombo!” mama akajibu.

Moto ukazimika papo hapo. Tangu hapo jiko humwakia kila mtu nyumbani, ila mama akilisogelea, linazimika.