Msikilizaji wa Alfajiri

Simu ilitetemeka chini ya mto, Mucyo akakurupuka na shuka shingoni. Mjini Rubwera bado kulikuwa giza, hata bodaboda hazijaanza kelele. Akatazama kioo cha simu. Amesikiliza tena.

Ni nani, hajui. Programu ya wasanii humtetemeshea simu kila wimbo wake unapochezwa, na humwambia kwamba aliyeucheza yuko Kagera, basi. Wimbo wenyewe ni mmoja tu, wa polepole, nusu maneno, nusu kuvuma mdomo umefungwa. Wiki ya kwanza marafiki waliusikiliza wakapita zao. Huyu mmoja akabaki. Kila alfajiri na kila jioni, yaani hakosi, na akiuanza anaurudia weee.

"Ni msichana," alisema Placida, wanayeuza naye vifaa vya simu duka moja. "Mwanaume gani anarudia wimbo hivyo? Yuko Bukoba huko, amelala kifudifudi, analia."

"Acha utani, Placida."

"Haya. Msichana wa watu analia, wewe uko hapa unauza makava."

Mucyo alicheka, ila hakutulia tena. Anamhudumia mteja, mkono uko mfukoni. Anakula, jicho liko kwenye simu. Kabla ya Pasaka msikilizaji alipotea kabisa, Mucyo akakonda kama mtu aliyeachwa. Akarudi wiki ileile Gaju, ng'ombe ambaye Mucyo alipewa na baba yake, alipozaa kule nyumbani Kaisho, Mucyo akaona hizo ni baraka mbili kwa mpigo. Hapo ndipo alipoamua. Atamuuza Gaju, aende Mwanza kwenye studio ya maana, arekodi albamu nzima. Mtu anayekupenda hivyo unamwachaje na wimbo mmoja?

Jumamosi alikuwa Kaisho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," mzee Fidele alijibu kwa kunong'ona. Tangu koo limsumbue mwaka jana, sauti haijarudi. Zamani akikamua aliimba mpaka majirani ng'ambo ya migomba wakajua maziwa yako tayari. Sasa hata mbwa anamwita kwa makofi.

Mucyo akamweleza yote, mpaka habari ya Mwanza. Mzee alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua kichwa.

"Nilikwambia wimbo uuweke kwenye memori kadi, uuze sokoni," alinong'ona. "Mtu akinunua wimbo unamwona uso. Ameubeba, ni wake, anakwenda nao kwake. Huyo wako ana uso gani?"

"Baba, siku hizi watu hawanunui. Wanalipia mwezi, wanasikiliza wanachotaka. Si hata wewe nimekulipia kwenye hiyo simu niliyokupa? Husikilizi kwaya?"

"Nasikiliza."

"Sasa huyu ana nyimbo za dunia nzima mkononi, anachagua wangu. Asubuhi na jioni, baba. Kila siku."

Kisu kikasimama juu ya mpini. Kisha mzee akaendelea kuchonga, taratibu.

"Ng'ombe nilikupa," alisema baadaye. "Nikishatoa nimetoa. Muuze."

Mnunuzi, Elpidius, alifika jioni na kamba yake begani. Alimzunguka Gaju, akamshika pembe, akamgusa kiwele, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mucyo alikuwa anahamisha uzito mguu huu mguu ule. Mwanza ilikuwa karibu mpaka anaisikia.

"Mzuri," alisema Elpidius. "Ila mimi silipi mpaka nimwone akikamuliwa."

"Amekamuliwa asubuhi," alisema mzee Fidele haraka, kwa sauti yake ile ya upepo.

"Na jioni hakamuliwi?"

Mzee akaleta ndama, akamnyonyesha kidogo, akamtoa. Akachuchumaa na ndoo. Akavuta. Hakuna kitu. Akavuta tena, Gaju akarusha teke, ndoo ikabingirika mpaka miguuni kwa Mucyo.

"Huyu kakauka kabisa," Elpidius alisema, akaanza kukunja kamba. "Mnataka kuniuzia ngozi."

"Baba, fanya kitu," alisema Mucyo. "Kila siku si unamkamua? Unafanyaje?"

Mzee Fidele alimtazama mwanawe kama mtu anayeomba asiulizwe tena.

"Baba."

Basi mzee akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu kwenye koti, akabonyeza mara moja bila hata kutazama, akaiegemeza kwenye nguzo ya zizi, akaokota ndoo, akachuchumaa tena. Gaju akatega masikio, akashusha kichwa. Maziwa yakaanza kulia ndooni.

Mfukoni mwa Mucyo, simu ikatetemeka.